Mangungo wa Msowero alidanganywa? Kwanza uliza: nani kasema?

Umewahi kutafuta kata yako Wikipedia? Makala nyingi za kata zetu kwenye Wikipedia ya Kiswahili, za Kilosa zikiwemo, ni fupi mno: kata iko wilaya gani, mkoa gani, ina watu wangapi kwa sensa. Basi.

Kijana wa Mabwerebwere akitaka kujua kwao kulianzaje, hapati kitu. Anatamani kujazia mwenyewe. Ni haki yake, maana kamusi elezo hii huandikwa na watu wa kawaida, na toleo la Kiswahili lipo tangu 2003. Shida ni moja: akiandika historia bila kuonyesha kaitoa wapi, kesho mwingine anaifuta. Au mbaya zaidi, haifutwi, na wanafunzi wanaikariri.

Tuchukue mfano wa hukohuko Kilosa.

Mzee anayetajwa kila mkataba ukiwa mbovu

Aliyesoma shule Tanzania anamjua Mangungo wa Msovero. Mtaani mkataba mbovu ukizungumzwa, jina lake halikosi: chifu asiyejua kusoma, akaweka alama yake, nchi ikaenda. Msovero hiyo ndiyo Msowero ya leo, kata ya Wilaya ya Kilosa kama ilivyo Mabwerebwere.

Sasa uliza: habari hiyo tumeipata kwa nani?

Karatasi yenyewe ni ya Mjerumani Carl Peters, aliyekuja kwa jina la Chama cha Ukoloni wa Kijerumani. Ina tarehe 29 Novemba 1884. Inasema Mangungo anatoa eneo lake lote litumiwe na Wajerumani, kwamba mkalimani aitwaye Ramazan alimweleza vizuri, na kwamba Mangungo alisema hayuko chini ya Sultani wa Zanzibar, wala hajui kama sultani huyo yupo.

Soma tena hilo la mwisho. Ni maneno ambayo Peters aliyahitaji sana, maana Sultani Barghash alikuwa akidai bara ni lake. Tarehe 27 Februari 1885, Kaizari Wilhelm I alitoa barua ya ulinzi kwa maeneo ambayo Peters alidai kuyapata: Usagara, Uzigua, Unguu na Ukami.

Yaani, karatasi tunayoitegemea ni ya upande mmoja, upande uliofaidika. Mangungo alielewa nini siku ile? Karatasi hiyo haiwezi kuwa shahidi pekee.

Sentensi tatu, ubora tofauti

Ya kwanza: "Mangungo aliuza nchi kwa ujinga." Hii ni hukumu, na haina chanzo.

Ya pili: "Mangungo alitia saini mkataba na Peters tarehe 29 Novemba 1884." Hii ni nafuu, hasa ikiwekewa tanbihi.

Ya tatu: "Kwa mujibu wa mkataba ulioandikwa Kijerumani na upande wa Peters, Mangungo alitoa eneo lake." Hapo msomaji anajua nani anaongea, na anaweza kupima mwenyewe.

Ukitaka kueleza kwa nini Mangungo alikubali, au kama alidanganywa, usibuni. Tafuta mwanahistoria aliyelichambua jambo hilo, umtaje. Kitabu cha John Iliffe cha 1979 kuhusu historia ya Tanganyika, au kile kilichohaririwa na Kimambo na Temu mwaka 1969, ni pa kuanzia. Kwa Wakaguru, yapo maandishi ya mwanaanthropolojia T. O. Beidelman.

Vipi kuhusu wazee wetu?

Hapa ndipo wengi hukwama. Babu kasimulia, wewe unaamini, lakini Wikipedia inataka kitu kilichokwisha kuchapishwa ambacho mtu mwingine anaweza kukikagua. Haimaanishi babu ni mwongo. Maana yake ni kwamba msomaji wa Mwanza au Muscat hawezi kumfikia babu kumuuliza.

Njia ipo. Mrekodi kwa ridhaa yake, andika tarehe na mahali, kisha habari ipitie kwanza kwenye kitabu, tasnifu ya chuo, gazeti au kipindi cha redio. Ikishatoka huko, ndipo inatajwa, tena kwa kusema wazi kuwa ni masimulizi ya wazee.

Mambo matano ya kuangalia kabla ya kubonyeza

1. Tanbihi iwe kamili: mwandishi, jina la kitabu au makala, mwaka na ukurasa. Kuandika "kitabu cha historia" tu hakumsaidii mtu.

2. Tafuta kwa tahajia zote. Wajerumani waliandika Msovero, sisi tunaandika Msowero. Kuna vitabu vinasema Mangungo, vingine Mangungu. Ukitafuta kwa moja tu, nusu ya vyanzo inakupita.

3. Takwimu ziwe na mwaka. Idadi ya watu ya sensa ya 2012 si ya 2022. Pia mipaka ya kata hubadilika, kwa hiyo usilinganishe haraka. Nenda kwenye majedwali ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu yenyewe.

4. Jihadhari na mduara. Blogu inanakili Wikipedia, halafu mtu anarudi kuiweka blogu ileile kama chanzo. Kosa moja linaonekana lina mashahidi wawili, kumbe ni mmoja.

5. Hifadhi kiungo. Kurasa za mtandaoni hufa. Zipo hifadhi kama Wayback Machine zinazotunza nakala yake.

Ukitofautiana na mhariri mwingine, msifutiane usiku kucha. Nenda ukurasa wa Majadiliano, weka chanzo chako, na yeye aweke chake. Vyanzo viwili vizuri vikipingana, makala itaje vyote viwili.

Huhitaji kompyuta. Simu hiyohiyo yenye bando dogo inatosha: fungua makala, bonyeza alama ya kalamu, rekebisha sentensi moja, weka rejea, hifadhi.

Basi leo anza na sentensi moja. Fungua makala ya kata yako au ya mtu wa historia ya kwenu, tafuta dai lisilo na tanbihi, ujiulize: nani kasema? Ukipata jibu, liweke. Usipopata, andika swali lako kwenye Majadiliano, mwenye kitabu atakuja kulijibu.