Ulevi Ndani ya Ndege

Mlevi akitukuta njiani twaweza kumpisha. Akitukuta ndani ya ndege, tutampisha wapi?

Mwezi wa Agosti, 2024, Michael O'Leary, mkuu wa shirika la ndege la Ryanair la Ireland, alitaka msafiri asiuziwe zaidi ya vileo viwili katika viwanja vya ndege, kwa kuwa fujo zimezidi. Neno hilo ni jema. Lakini shirika lake lenyewe huuza vileo huko huko angani! Mwenye kupata faida huliona kosa katika duka la mwenziwe.

Southwest ya Marekani ilikwenda mbele zaidi. Mwezi wa Mei, 2021, baada ya mhudumu wake kupigwa na abiria hata akapoteza meno mawili, ilighairi kurudisha vileo ilivyoviondoa wakati wa maradhi ya Korona, isivirudishe mpaka Februari, 2022. Na ndege za Saudia na Kuwait Airways hazitoi ulevi kabisa, na abiria husafiri wakafika.

Basi ewe kijana, ukiletewa bilauri huko juu, ikatae kwa adabu. Mola wetu ametuharimishia ulevi. Na jirani wa kiti naye ana haki ya kusalimika nawe.