Kompyuta Haijui Chini ni Wapi

Siku hizi ndugu zetu waliosomea ujenzi hawapigi tena hesabu zote za nyumba kwa kalamu. Huichora nyumba ndani ya kompyuta, kisha programu huikata vipande vidogo vidogo, mamia au maelfu, na kupiga hesabu jinsi kila kipande kinavyomsukuma jirani yake. Wengi hudhani kwamba mashine ikishapewa mchoro imekwisha jua yote. Sivyo hata kidogo. Nyumba iliyochorwa haina uzito. Waweza kuisimamisha juu ya nguzo nyembamba kama fimbo nayo isilalamike, maana hakuna aliyeiambia kompyuta kwamba zege ni zito na kwamba dunia huvuta.

Tulitazame jambo hili hapa kwetu Kamenge. Mtaa huu ulibomolewa vibaya katika vita vya miaka ya 1990, ukajengwa upya, na nyumba nyingi ni za matofali ya udongo na mabati. Bati ni jepesi: mabati ya chumba cha mita 4 kwa 5 hayafiki kilo 100. Sasa mwenye nyumba amepata fedha kidogo, ataka kupandisha orofa. Aondoa mabati, amwaga bamba la zege lenye unene wa sentimita 15. Pigeni hesabu: 4 × 5 × 0.15 ni mita 3 za ujazo. Kila mita ya ujazo ya zege lenye nondo ina kilo 2,500 hivi. Jumla ni kilo 7,500, yaani mifuko 150 ya saruji ya kilo 50 iliyopangwa juu ya vichwa vya watu waliolala. Na hapo hakijapandishwa hata kitanda kimoja.

Tarehe 29 Machi 2013, katikati ya Dar es Salaam, jengo la orofa 16 lilianguka, watu 36 wakafa. Jengo lilikuwa bado halijaisha kujengwa. Sitaki kusema hapa kosa lilikuwa la nani. Nataka tu msomaji aone ya kuwa jengo lisilo na wapangaji nalo limebeba mzigo mkubwa, nao ni jengo lenyewe.

Basi uzito huo huingizwaje? Programu hutaka mambo matatu: kilo za kila mita ya ujazo ya kitu chenyewe, kiasi dunia inavyovuta, na upande inakovutia. Katika Code_Aster, programu ya bure iliyotengenezwa na shirika la umeme la Ufaransa, EDF, amri yake ni PESANTEUR, nasi tunaosoma Kifaransa twaielewa mara moja. Mtu huandika 9.81, kisha mwelekeo: 0, 0, -1. Ile alama ya kutoa ndiyo “chini”.

Hapo programu huanza kugawa. Tuseme bamba letu limekatwa miraba 20 ya mita moja moja. Kila mraba una kilo 375, na dunia huuvuta kwa nguvu ya nyutoni 3,679 hivi. Nguvu hiyo hugawiwa sawasawa kwa pembe 4 za mraba, kila pembe nyutoni 920 hivi. Mahali zinapokutana pembe za miraba minne hupata 3,679 nzima. Kwenye pembe ya bamba, penye mraba mmoja tu, hupata robo. Ukikata miraba 80 midogo, mgao hubadilika lakini jumla ni ile ile.

Mwanafunzi mwerevu atauliza: je, Bujumbura si karibu na Ikweta? Ni kweli, na hapa dunia huvuta kwa 9.78 hivi, si 9.81. Lakini tofauti hiyo ni sehemu 3 tu katika 1,000; asiikoseshe usingizi. Hatari iko kwingine. Aliyechora kwa milimita yampasa kuandika 9,810, na akiandika 9.81 nyumba yake itakuwa nyepesi mara elfu. Tena kuna programu ambazo “juu” yake ni mstari wa pili wala si wa tatu. Ukikosea hapo, nyumba huvutwa kando kana kwamba imepigiliwa ukutani. (Wahandisi nao huivuta nyumba kando kwa makusudi, kwa sehemu ndogo ya uvutano, ili kupima tetemeko. Sisi wa bonde hili tunajua sababu: lile la Bukavu la tarehe 3 Februari 2008 lilitikisa hata Rwanda na Burundi.)

Lipo pia kosa la kuhesabu mara mbili: mtu ameandika PESANTEUR, kisha kwa kujihadhari akaongeza uzito wa bamba kwa mkono. Na lipo la kinyume chake, ambalo mimi naliogopa zaidi. Kisichochorwa hakipimwi. Lipu, vigae na kuta za kugawa vyumba aghalabu havimo katika mchoro. Tangi la maji la lita 2,000 juu ya dari huchorwa pengine kama tangi tupu, kumbe maji peke yake ni kilo 2,000. Hivyo sharti viongezwe kwa mkono.

Dawa ya makosa haya yahitaji kalamu na dakika tano. Kabla ya kutazama zile picha za rangi, iambie programu ijumlishe nguvu zote ambazo mategemeo ya nyumba yanasukuma kwenda juu, nawe ujumlishe uzito kwa mkono wako. Kwa bamba letu peke yake, 7,500 × 9.81 ni nyutoni 73,575. Ikikupa 73,575, endelea na kazi. Ikikupa 147,150, umelipima bamba mara mbili. Ikikupa 73 na kidogo, kagua milimita zako. Mategemeo yakisukuma kando, “chini” yako si chini. Na ikikupa sifuri, basi nyumba yako bado ni picha tu.