Gari Halitambui Cheo

Ndugu askari wa jeshi na polisi, katika makala hii tunapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hulidhania kuwa ni kazi ya fundi peke yake, nalo ni kubadilisha maji ya rejeta, oili na mafuta ya breki katika malori yetu.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa katika msafara uliokuwa ukipanda milima ya kuelekea Kabale. Asubuhi, kabla hatujaondoka, dereva wa lori la pili alikuwa ametoa taarifa kwamba maji ya rejeta yamegeuka rangi ya kutu. Sisi tuliokuwa na vyeo tulimjibu kwamba wakati hautoshi. Ajaze maji, twende. Alijaza maji ya kijito. Kabla ya saa sita za mchana injini ilichemka mlimani. Naye, kwa kuona tunamharakisha, akafungua kizibo cha rejeta kingali cha moto. Mvuke ulimchoma uso na mikono. Kosa lile halikuwa lake, lilikuwa letu.

Yatupasa kufahamu sababu yake. Usawa wa bahari maji huchemka kwa digrii 100, lakini penye mwinuko wa karibu mita 2,000, kama huko Kabale, huchemka kwa digrii 93 au 94 hivi. Kizibo cha rejeta hubana maji yale ili yapate moto zaidi bila kuchemka. Kizibo kikifunguliwa ghafula, mbano hutoweka na maji hulipuka kuwa mvuke papo hapo. Kwa hiyo, usifungue kamwe rejeta ya moto. Zima injini, ngoja ipoe hata uweze kuigusa kwa mkono, ndipo ufungue polepole kwa kutumia kitambaa kinene.

Maji matupu hayatoshi. Nayo ya mto au kisima huacha chokaa na kutu ambazo huziba njia nyembamba za rejeta. Dawa ya rejeta, ikichanganywa nusu kwa nusu na maji safi, huzuia kutu na kuchelewesha mchemko. Lakini nguvu yake huisha. Dawa ya kawaida hubadilishwa kila baada ya miaka 2 hivi. Ile ya muda mrefu huweza kufika miaka 5. Kitabu cha mtengenezaji wa gari ndicho chenye amri ya mwisho. Aina mbili zisichanganywe.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Simamisha lori mahali palipo sawa, injini ikiwa baridi. Weka karai chini, fungua bomba la chini la rejeta, umwage yote. Suuza kwa maji safi mpaka yatoke meupe. Funga, jaza polepole ili hewa itoke, washa injini hata ipate moto, uizime, na ikipoa uongeze palipopungua. Dawa ya zamani usiimwage majanini: ina ladha tamu, nayo ni sumu iuayo mbwa, mifugo na hata watoto.

Oili ya injini hubadilishwa pamoja na chujio lake, injini ikiwa na vuguvugu. Usihesabu kilometa tu. Lori linalonguruma kutwa kizuizini bila kwenda hatua moja linachosha oili vilevile. Hesabu saa zake pia. Oili ya dizeli kuwa nyeusi si ajabu, lakini ikifanana na chai ya maziwa, maji yameingia, gari lisiondoke.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na yenye maji huchemka katika mteremko mrefu, pedali ikazama bila kushika. Yabadilishwe kila miaka 2 hivi, wala usiongeze oili ya injini humo, kwani huharibu mipira yake. Malori ya breki za upepo yamwagwe maji katika matangi yake kila siku. Oili ya giaboksi na difu ikitoka na vipande vya chuma, mwite fundi upesi.

Tunawaomba maofisa wenzetu wasitie sahihi katika kitabu cha gari ambalo hawakulitazama. Nawe dereva, toa taarifa bila hofu, na uirudie isiposikilizwa. Gari halitambui cheo. Mdharau mwiba mguu huota tende, na katika lori moja hukaa askari wengi ambao makwao wanangojewa.