Uungwana ni Vitendo, si Nasaba

Juma hili tuzungumze juu ya heshima na fedheha, mambo mawili ambayo hapa Mtambile, kama kwingineko, yanaweza kuvunja posa hata mahari haijatajwa. Huulizwa: huyo kijana, babu yake alikuwa nani?

Swali hili ni la kale. Katika dola ya Kirumi, miaka 2,000 hivi iliyopita, mtu hakujipa heshima mwenyewe. Alivikwa na macho ya watu, na macho hayo hayo yalimvua. Mtumwa hakuhesabiwa kuwa nayo. Adhabu ya msalaba, waliyopewa zaidi watumwa na waasi, ilikusudiwa kumfedhehesha mtu hadharani kabla ya kumwua. Ndiyo maana Wakristo wa mwanzo, kwa kuamini kuwa bwana wao alisulubiwa, walichekwa. Mjini Roma imesalia picha iliyokwaruzwa ukutani: mtu msalabani mwenye kichwa cha punda, na maandishi ya kumkejeli mmoja aitwaye Alexamenos kuwa anamwabudu mungu wake. Hata hivyo, Paulo alimwandikia Filemoni ampokee mtumwa wake Onesimo kama ndugu. Utumwa haukufutika, lakini mizani ya heshima ilitikisika.

Kwetu Pemba nako ilitikisika. Katika karne ya 19 watumwa waliletwa kwa wingi kufanya kazi katika mashamba ya mikarafuu. Muungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru. Mwaka 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuuondoa utumwa katika sheria, ingawa masuria waliachwa nje hadi 1909. Lakini fedheha haiondoki kwa amri. Waliokuwa watumwa waliitafuta heshima wenyewe: wanaume wakavaa kofia na kanzu, wanawake wakaacha kaniki, wakajitanda kanga na baadaye buibui.

Mwisho lugha yenyewe iligeuka. Leo twasema uungwana ni vitendo. Neno lililowatenga watu kwa nasaba sasa linawapima kwa mwenendo.

Basi, wazee wangu, posa ikija tuulize: kijana ana dini? Ana kazi? Anawatii wazazi wake? Kumkataa kwa minyororo aliyofungwa babu yake ni kumfunga yeye tena. Na katika habari ya utumwa, aibu si ya aliyefungwa, ni ya aliyefunga.

Tukutane juma lijalo, inshaallah.