Terminali ya Mbali na Mkato wa Desimali: Mfano wa Kasongo

Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, ilhali lugha rasmi ni Kifaransa. Huko Kasongo, kusini mwa Maniema, ambako Kiswahili kilikita mizizi katika karne ya 19, enzi za Tippu Tip, lugha hizo mbili hukutana hata katika uandishi wa tarakimu. Kwa desturi ya shule za Kifaransa, kilo mbili na nusu za mpunga huandikwa 2,5. Dar es Salaam na Nairobi huandikwa 2.5. Tofauti hiyo ndogo huweza kuharibu hesabu pale kompyuta inayotumika inapokuwa mbali.

Waandishi wengi wa programu siku hizi hukodi kompyuta za mbali, katika kile kiitwacho wingu. Kihariri cha msimbo, kama vile Visual Studio Code kilichotolewa na Microsoft mwaka 2015, huwa na terminali ndani yake, yaani dirisha la kuandikia amri. Yafaa ieleweke kwamba dirisha hilo lenyewe halitekelezi amri. Hupeleka herufi zilizopigwa na kuonyesha majibu yanayorudi. Mtekelezaji ni programu iliyomo katika kompyuta ya mbali, nayo hufuata desturi zilizowekwa huko.

Desturi za tarakimu huongozwa na vigezo LANG na LC_NUMERIC. Visipowekwa, jambo la kawaida katika kompyuta za wingu, mfumo hufuata desturi iitwayo C, ambayo alama yake ya desimali ni nukta peke yake. Chukua mfano wa mwanafunzi wa Kasongo anayejumlisha 2,5 na 3,5 kwa programu ya awk. Programu husoma kila tarakimu hadi kwenye mkato, kisha huacha. Jibu huwa 5 badala ya 6, wala halitolewi onyo lolote. Saa nazo hupishana: kompyuta hizo aghalabu hufuata saa za UTC, hivyo kazi iliyopangwa kuanza saa 18:00 huanza Kasongo ikiwa saa 20:00.

Hazina ya Unicode iitwayo CLDR inayo maelezo ya Kiswahili cha Kongo, kwa alama sw-CD, na humo mkato ndio alama ya desimali. Hata hivyo, maelezo hayo hayamfai mtumiaji ikiwa programu anayoitumia haiyasomi. Kwa hiyo ni busara, kabla ya kuanza kazi, kuandika amri locale na date ili kujua desturi na saa za upande wa pili. Kisha kuweka TZ kuwa Africa/Lubumbashi, na kugeuza mikato kuwa nukta kabla ya kujumlisha.

Wataalamu wa Kiswahili wanaotafsiri menyu za kompyuta wamefanya kazi kubwa. Mfano wa Kasongo unaonyesha kwamba mkato nao ni sehemu ya lugha, na unastahili kushughulikiwa.