BEI RAHISI INATOKA WAPI?



Kuna mabishano yanayorudi kila mara katika internati yetu. Wengine wanasema ya kama kitu cha bei rahisi ni kitu kibaya. Wengine wanasema ya kama muuzishaji anashusha bei juu ya moyo mzuri. Kwa mawazo yangu, wote hawajafanya hesabu. Leo nataka kueleza bei rahisi inatoka wapi, kwa sababu jambo hili linagusa mifuko yetu sisi wenyewe.

Wale wa seksio ya biashara wanajua kanuni hii: bei ya kuuzisha ni bei ya kununulia, pamoja na garama, pamoja na faida. Basi mtu akitaka kushusha bei bila kupoteza, hana njia nyingi. Sherti anunue vizuri zaidi, ao apunguze garama, ao akubali faida ndogo kwa kila kitu lakini auzishe vitu vingi.

Tuchukue mfano mmoja wa Ulaya, duka za Aldi. Mwanzo wake ulikuwa mdogo kabisa. Mwaka 1913 familia Albrecht ilifungua kiduka katika mji wa Essen, Ujerumani, katika mtaa wa watu wa migodi ya makaa. Kisha vita ya pili ya dunia, watoto wawili wa familia ile, Karl na Theo, walichukua kazi ya mama yao. Wakati ule watu walikuwa na feza kidogo, na wale wandugu wawili hawakuwa na uwezo wa kujaza duka na vitu vya kila namna. Wakaweka vitu vichache tu vya lazima, kwa bei ya chini. Wakaona ya kama watu wanakuja wengi, hata bila mapambo. Mwaka 1961 waligawanya kazi, mmoja kaskazini, mwingine kusini. Inasemwa ya kama hawakupatana juu ya kuuzisha sigara. Mwaka 1962 jina Aldi lilianza kutumika, maana yake Albrecht Diskont, ni kusema duka ya Albrecht ya bei ya kupunguzwa. Theo alikufa mwaka 2010, Karl mwaka 2014, wote wawili matajiri sana. Leo duka zao ziko katika inchi nyingi, hata Ubelgiji, na Wakongo wanaokaa kule wanazijua vizuri.

Sasa, wanafanya namna gani?

Kwanza, wanauzisha aina chache. Duka kubwa ya kawaida inaweza kuwa na aina 20.000 za vitu na zaidi. Aldi inashika karibu 2.000 tu. Huwezi kukuta aina kumi za kahawa. Lakini kwa sababu wanachagua aina moja ao mbili, wanainunua kwa wingi sana, na mwenye kununua kwa wingi anapewa bei nzuri.

Pili, hawapotezi nguvu. Vitu vinabaki ndani ya karto yake, karto inapasuliwa upande mmoja, basi. Sukari haijui kama imepangwa moja moja ao imebaki ndani ya karto. Utamu wake ni ule ule.

Tatu, mnunuzi anafanya sehemu ya kazi. Anatia feza ya chuma ndani ya kigari cha kusukuma, na kama hakirudishi mahali pake, feza yake hairudi. Mfuko wa kubebea, anauleta mwenyewe ao anaununua. Kwa hiyo hakuna mtu wa kulipwa kwa kukusanya vigari.

Ine, vitu vingi havina jina kubwa la kutangazwa. Duka inaagiza vitu kwa jina lake yenyewe, na hailipi garama ya matangazo ya wengine.

Mnaona basi: bei rahisi si lazima iwe ubaya wa kitu, wala si zawadi. Ni garama iliyoondolewa.

Lakini tusiseme nusu ya ukweli. Kuna bei rahisi nyingine ambayo haitoki katika akili, inatoka katika tumbo la mtu mwingine. Mwaka 2020 wakulima wa ndizi wa Amerika ya Kusini na ya Kati walilalamika waziwazi, kwa sababu Aldi ilitaka kushusha bei ya ndizi zao wakati garama zao zilikuwa zinapanda. Hapo tuulize: ni garama gani imeondolewa, na nani anabeba mzigo wake? Hata sisi, tunapobishana na mama wa soko mpaka anauzisha nyanya kwa hasara, hatukuondoa garama yoyote. Tumemwachia yeye.

Turudi sasa hapa kwetu. Aldi haiko Kongo, lakini hesabu yake inaweza kufanya kazi hapa. Katika Umoja wa Ulaya, tangu sheria ya mwaka 1998, duka sherti ionyeshe bei ya kilo moja ao ya litre moja, si bei ya pakiti tu. Sisi hatuna karatasi ile, lakini tuna kichwa na kalamu. Tuseme (ni mfano tu, si bei ya soko) mfuko wa sukari wa kilo 50 ni falanga 150.000. Kilo moja ni 3.000. Tuseme kisashe cha grama 50 ni falanga 250. Ndani ya kilo moja kuna visashe 20: ni 5.000. Sukari ni ile ile! Na mwenye kulipa 5.000 ni nani? Ni yule hasa ambaye hana feza. Ananunua kidogo kwa sababu ana kidogo, na kwa kununua kidogo analipa zaidi. Kisha tunashangaa kuona mwenzetu katikati ya trimestri anakunywa uji bila sukari na kuazima sabuni.

Wanafunzi 25 wakiungana, kila mmoja akiweka falanga 500 kila juma kwa majuma 12, ametoa 6.000. Wote pamoja wana 150.000, ni kusema mfuko mzima, kilo mbili kwa kila mtu. Kwa visashe angalilipa 10.000. Sabuni vilevile, tukinunua karto nzima.

Lakini jambo hili linataka ukweli. Feza ishikwe na watu wawili, si mmoja. Kila falanga iandikwe ndani ya daftari ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma. Sukari ipimwe mbele ya wote. Kama hakuna daftari, afazali kila mtu abaki na visashe vyake.

Wenye kutaka kuanza trimestri hii waje siku ya posho kisha kazi za mikono, katika darasa la sita. Mlete kalamu, feza bado. Tutaanza na hesabu.

Kapita wa wanafunzi, darasa la mwisho