Mwandiko wa Mkono katika Vitabu vya Kiebrania vya Chapa ya Kwanza

Wako watu Ulaya, Marekani na Israeli ambao hutoa mali nyingi kununua vitabu vya Kiebrania vya chapa ya kwanza, na hasa vile vyenye mwandiko wa mkono ndani yake: jina la mwenyewe, au maneno ya mtunzi akimtunukia rafiki yake. Labda msomaji atauliza, Je, kitabu kilichoandikwa hivyo si kitabu kilichochafuliwa? Mimi nami nilidhani vivyo hivyo, maana utotoni tulichapwa kwa kosa hilo.

Kwanza yatupasa kujua jinsi mwaka wa chapa unavyosomwa. Herufi za Kiebrania ni hesabu pia, kama abjadi wanayoijua walimu wa pwani yetu. Miaka huhesabiwa tangu kuumbwa kwa ulimwengu, na zile elfu tano mara nyingi huachwa bila kutajwa. Basi ukikuta resh, ambayo ni 200, na lamed, 30, na he, 5, jumla ni 235. Ongeza 1240, utapata 1475. Ndio mwaka ambao ufafanuzi wa Rashi juu ya Torati ulipigwa chapa huko Reggio di Calabria, Italia, nao ni kati ya vitabu vya kwanza kabisa vya Kiebrania vilivyopigwa chapa na kutiwa tarehe. Kwa kuwa mwaka wao huanza Septemba au Oktoba, kitabu kilichomalizika katika miezi ile ya kwanza hupunguziwa mmoja. Tena wapiga chapa wengine waliificha tarehe katika aya ya Maandiko, wakizikuza zile herufi zinazohesabiwa tu.

Na hila zilikuwako. Herufi za Amsterdam zilisifiwa sana. Kwa hiyo wapiga chapa wa miji mingine waliandika jina Amsterdam kwa herufi kubwa, na juu yake, kwa herufi ndogo mno, wakasema ya kuwa ni kwa mfano wa zile za mji huo. Mnunuzi mwenye haraka aliona jina kubwa tu.

Sasa tuje kwenye mkono wa mtu. Nakala zilizotoka katika mtambo mmoja ni kama ndugu pacha. Mwandiko ndio unaozitenga. Wayahudi wengi, kabla ya kuandika jina, walitanguliza maneno ya mwanzo ya Zaburi ya 24, kukiri ya kwamba mwenye mali ni Mungu. Wengine waliandika humo vizazi na vifo vya jamaa zao. Hata wakaguzi walitia sahihi. Baada ya Talmudi kuchomwa moto Rumi mwaka 1553, vitabu vilipelekwa kukaguliwa, na maneno yaliyokatazwa yakafutwa kwa wino. Mmoja wao, Domenico Gerosolimitano, Myahudi aliyekuwa Mkristo, aliacha jina lake katika vitabu vingi sana. Ajabu ni kwamba mara nyingi wino wa kufutia umefifia, na yaliyofutwa yasomeka tena.

Lakini nguvu ya jina kitabuni ilionekana zaidi baada ya vita vilivyokwisha 1945. Wanazi walikuwa wameteka vitabu vya Wayahudi kwa mamilioni. Mwaka 1946 Wamarekani walifungua ghala huko Offenbach, Ujerumani, ili kuvirudisha. Watumishi wengi hawakujua Kiebrania. Basi mihuri na vibandiko vya wenye vitabu vilipigwa picha, nao wakavilinganisha kwa macho, kila mmoja na mihuri yake michache. Vitabu zaidi ya milioni 2 vilipita mikononi mwao. Vingine vilirudi kwa maktaba zao. Vingine wenyewe walikuwa wameuawa, wala hapakuwa na wa kuvipokea.

Kwa sababu hiyo mkusanyaji mwaminifu haulizi bei kwanza, bali huuliza kitabu kilipitia kwa nani, hasa kati ya 1933 na 1945. Na akikuta ukurasa wa mbele umekatwa kwa wembe pale juu, mahali pa jina, hukirudisha kwa mwuzaji, hata kama ni chapa ya kwanza.